Muhuri Mwekundu wa Vaulmont

Severin Bigirindavyi hakupendwa katika Umoja wa Maziwa Makuu wa Arlington, Texas, na hakuhangaika kupendwa. Mwaka 2019 alikuwa na miaka sitini na tisa, mrefu, mkavu, mwenye tabia ya kumtazama mtu mabegani badala ya usoni, kana kwamba anapima kama bega la kushoto limelingana na la kulia. Watu walidhani ni dharau. Yalikuwa mazoea ya darasani, ingawa dharau nayo ilikuwemo.

Aliyependwa ni Omer. Omer alikuwa mwenyekiti wa Umoja, mnene kiasi, mcheshi, na mlango wa nyumba yake haukufungwa Jumapili. Mkewe, Melania, alimpikia yeyote aliyetoka misa asiye na haraka ya kwenda kwake. Warundi walikaa pale pamoja na Wakongo wa Uvira na Watanzania wachache, kwa hiyo mazungumzo yalikuwa ya Kiswahili, kila mtu na cha alikotoka.

Wazee hawa wawili walikuwa na jambo moja ambalo hakuna mwingine katika Umoja aliyekuwa nalo. Wote walisoma katika Akademia ya Sanaa ya Vaulmont, chuo cha wachoraji katika mji mdogo wa Ubelgiji. Severin alikaa miaka mitatu, Omer mwaka mmoja. Ndivyo kila mmoja alivyosema, na kwa muda mrefu hakuna aliyejali.

Walianza kujali Jumapili moja ya Februari. Siku hiyo Faustine, Mtanzania wa Bukoba aliyefanya kazi ya bima huko Missouri City, kando ya Houston, alikuja kutoka huko na habari. Alikuwa katika kamati ya jumba dogo la maonyesho.

"Chuo chenu kinatimiza miaka mia mbili na hamsini," alisema, sahani ikiwa magotini. "Kinatembeza michoro yake nchi kwa nchi, na Oktoba itakuwa Houston. Wanataka mwanafunzi wa zamani kutoka Afrika asimame siku ya ufunguzi aeleze historia ya chuo. Dakika kumi. Mmoja tu, wazee wangu. Sikupewa nafasi mbili."

Omer aliinuka. Alivua viatu, akapanda juu ya kochi, akashusha fremu iliyokuwa ukutani. Ulikuwa mchoro wa mkaa: mzee ameketi juu ya sanduku, kaonyeshwa kwa nyuma, mgongo mpana na kisigino kimoja. Chini, pembe ya kulia, palikuwa na muhuri mwekundu wa mviringo, mkubwa kama kifuniko cha chupa, wenye mnara na funguo mbili.

"Mchoro ni wa mkono wangu," alisema. "Muhuri ni wa Akademia."

Fremu ilipita mkono kwa mkono. Waliotazama mgongo wa mzee walikuwa wachache. Wengi waliuweka muhuri karibu na macho. Mle sebuleni mlikuwa na watu waliokaa kambi za wakimbizi za Mtabila, Kanembwa na Nyarugusu miaka kumi, wengine kumi na minane. Walikuwa wameona familia ikishushwa kwenye orodha ya ndege kwa sababu muhuri uligongwa pembeni ya picha badala ya juu yake. Omer mwenyewe alikuwa karani wa tarafa Burundi kwa miaka ishirini, na muhuri wa ofisi aliulaza ndani ya droo yenye kufuli. Kwa watu hao karatasi bila muhuri ni maneno matupu, na karatasi yenye muhuri haiulizwi swali.

"Na wewe, Mzee Severin?" aliuliza Dorothea, mama wa Uvira aliyekuwa na ulimi ambao hata mumewe aliukwepa. "Mchoro wako uko wapi?"

"Sina."

"Hata mmoja?"

"Sina."

"Jamani! Miaka mitatu Ulaya, karudi mikono mitupu. Mwenzake mwaka mmoja, kaja na muhuri!"

"Labda alikuwa anafagia," sauti ilisema kutoka jikoni, na nyumba nzima ikacheka. Léoncie, mke wa Severin, aliinamisha uso juu ya sahani yake. Ella, binti yao wa mwisho, aliyekuwa akisomea uuguzi, alijifanya anasoma simu.

Fremu ilimfikia Severin. Aliishika kingoni kwa ncha za vidole, kama alivyofundishwa kushika karatasi ya mkaa. Akautazama mgongo, kisha kisigino, kisha muhuri. Omer akasogea.

"Unaikumbuka, ndugu yangu?"

"Naikumbuka."

"Basi niambie wewe uliye msomi wa mambo haya. Niende nayo Houston?"

"Nenda nayo," Severin alisema. "Usiiache hata kidogo."

Katika miaka kumi na miwili ya Texas, huo ulikuwa ushauri wa kwanza wa Severin kupokewa kwa makofi.

Akademia ya Vaulmont ilianzishwa mwaka 1769 na mchoraji wa milango ya magari ya farasi, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la ngozi. Wanafunzi walikuwa kumi na wanne, wote mafundi waliofanya kazi mchana. Karatasi ilikuwa ghali na chumba kilikuwa kidogo, na mambo hayo mawili ndiyo yaliyozaa sheria ya chuo. Kila mwezi walishindana. Michoro ilitundikwa bila majina, kila mmoja na nambari iliyochotwa ndani ya kopo, na walimu watatu walipita mbele yake wamevaa kofia, bila kusema. Wa kwanza alichagua kiti anachotaka mbele ya mtu wa kuchorwa. Wa pili akafuata, wa tatu, hivyo hivyo hadi wa mwisho, ambaye hakuchagua: alikaa nyuma ya jiko la kupashia joto, na mwezi mzima aliona mgongo.

Karatasi ya mshindi ilibaki chuoni iwe somo kwa watakaokuja. Nyingine zote zilirudishwa kwa wenyewe. Lakini kabla ya kurudishwa ziligongwa muhuri, kwa sababu wakati fulani mwanafunzi mmoja mvivu alileta mchoro ule ule miezi mitatu mfululizo. Muhuri ulikuwa na maana moja tu: karatasi hii imeshashindwa, isiletwe tena.

Sheria hiyo ilidumu kuliko mambo mengi. Wafaransa walipochukua nchi walifunga chuo na kufuga farasi ndani ya ukumbi. Kilipofunguliwa tena mwaka 1807, viti viligombewa vile vile. Wasichana waliruhusiwa kuingia 1889, tena kuchora sanamu za plasta peke yake, nao wakagombea viti mbele ya plasta. Vita viwili vilipita. Waafrika wa kwanza walikuja baada ya 1960 kwa misaada ya serikali zao mpya, wakaonyeshwa kopo la nambari na jiko. Shindano lilifutwa 1974, wanafunzi walipogoma.

Severin aliingia 1969. Miezi mitano ya mwaka wake wa kwanza aliketi nyuma ya jiko. Waliokaa pale kwa kawaida walikata tamaa, wakachora mgongo kama anayetimiza adhabu, na mgongo uliochorwa hivyo haukushinda. Yeye aliusoma. Mtu wa kuchorwa alikuwa mfanyakazi wa zamani wa reli, bega lake la kushoto limeshuka kwa miaka ya kubeba, na Severin alijua kila mfupa wa mgongo ule kabla hajaujua uso wa mzee mwenyewe. Alipanda, akashuka, akarudi nyuma ya jiko. Kisha Januari 1971, kutoka kule kule, karatasi nambari kumi na saba iliyoonyesha mgongo mtupu ilitangazwa ya kwanza. Profesa mmoja alivua kofia. Severin alihamia kiti cha kwanza, na nyuma ya jiko akawekwa kijana mwingine wa Burundi aliyefika miezi michache kabla, aliyekuwa mcheshi na ambaye hakuuliza maswali. Alikuwa Omer.

Omer aliitwa nyumbani mwaka huo huo, akapata ukarani. Severin alibaki, na 1972 ikamkuta huko. Barua ya ubalozi ilisema msaada umesitishwa. Barua nyingine, ya padri, ilimweleza kwamba baba yake na kaka zake wawili wameuawa. Alirudi Afrika akamfuata mama yake Uvira, akafundisha uchoraji katika shule ya sekondari miaka ishirini na mitatu, akamwoa Léoncie. Wanafunzi wake walimwogopa. Alitundika michoro yao kuanzia bora hadi mbovu, na mwenye mbovu alimketisha karibu na mlango. Vita vya 1996 viliwavusha ziwa hadi Kigoma. Mwaka 2007 ndege iliwashusha Texas, na tangu hapo alifanya kazi katika ghala la vigae huko Carrollton, kutenganisha vigae vyeupe kwa rangi. Weupe una aina nyingi. Msimamizi alikuwa na mashine ya kuzipima, na ilipobishana na Severin aliiamini mashine mara ya kwanza tu.

Hakuna aliyemwamini kuhusu Vaulmont. Zamani, Uvira, alimweleza Léoncie kwamba alikuwa wa kwanza, naye akacheka bila ubaya: "Baba, kila mwanaume aliyetoka Ulaya alikuwa wa kwanza. Wa pili sijawahi kumwona." Hakulirudia tena, lakini halikumtoka. Alitaka jambo moja kabla hajafa: mtu asiye yeye asome kwa sauti, mbele ya mkewe na binti yake, kwamba Januari ile wa kwanza alikuwa Severin.

Baada ya Jumapili ya Februari alitaka la pili, kwamba siku hiyo hiyo isomwe pia wa mwisho alikuwa nani.

Alijipanga kwa utulivu. Machi aliandika barua ya Kifaransa kwa mkono, akaituma Vaulmont, akiomba asomewe matokeo ya Januari 1971. Ella alimwona akilamba bahasha.

"Nita-email, Dad. Dakika mbili tu."

"Hawa ni watu wa karatasi."

Jibu lilikuja Mei, kutoka kwa mtunza nyaraka wa chuo. Daftari la viti, lililoandikwa matokeo ya kila mwezi tangu 1950 hadi 1974, lingesafiri na maonyesho, naye angelileta mwenyewe. Severin alikunja barua, akaiweka katika koti la kazini. Hakumwambia mtu.

Katika miezi hiyo alikwenda kwa Omer mara nyingi kuliko alivyowahi. Alikula. Omer aliandika hotuba kwenye meza ya jikoni, miwani puani, na alipokwama alimgeukia.

"Severin, ilianza mwaka gani? Elfu moja mia saba na tisini na sita?"

"Una kumbukumbu nzuri," Severin alisema, akijua kuwa amekosea kwa miaka ishirini na saba.

"Na muhuri niuelezeje?"

"Useme unavyouelewa."

"Ni heshima, si ndiyo? Maana si kila mmoja aligongewa."

"Si kila mmoja," Severin alisema. Melania alimwongezea ndizi. Alisema asante.

Léoncie alifurahi, na furaha hiyo ilimuudhi Severin. Wakirudi nyumbani alimshika mkono ndani ya gari. "Naona umeacha roho ile," alisema. "Omer ni mtu mwema, Baba Ella. Ungekaa naye hivi tangu zamani."

"Namsaidia," Severin alijibu.

Jumamosi ya tarehe kumi na mbili Oktoba walisafiri katika gari la Omer: Omer na Melania, Dorothea, Severin, Léoncie na Ella. Omer, aliyekuwa akiendesha, alitaka fremu ishikwe na mtu anayejua thamani yake, kwa hiyo akampa Severin. Saa nne na zaidi za barabara ya Houston Severin aliupakata mchoro ndani ya blanketi. Kila gari lilipotikisika, aliuinua kidogo kwa mikono miwili. Hakuna mtu angeweza kuutunza vizuri zaidi.

"Mwone," Dorothea alisema kutoka nyuma. "Mfagiaji kapewa kazi."

"Mwache mzee wa watu," Omer alisema, akicheka.

Ukumbi ulikuwa mweupe na baridi. Kwenye kuta palikuwa na michoro minane ya washindi wa karne mbili, chini yake mguu wa plasta, na katikati daftari ndani ya kioo. Wageni kama sitini walikuwa wameshafika, nusu yao Waafrika walioitwa na Faustine. Mtunza nyaraka alikuwa mama mfupi mwenye mvi, anayejua Kifaransa, na Kiingereza kilichomchosha.

"Mzee Severin," Faustine alimvuta pembeni, "Kifaransa mimi hapana. Simama na huyu mama utufasirie. Watu wetu wasikie kwa Kiswahili."

Severin alinyoosha koti. Hakuwa ameipanga hiyo, na ilikuwa bora kuliko yote aliyoyapanga.

Omer alifungua blanketi mbele ya watu, akauinua mchoro kifuani kama mtu anayepigwa picha. Mtunza nyaraka alimsogelea akitabasamu. Tabasamu likakoma. Aliinama hadi pua yake ikakaribia kioo cha fremu, akauliza aliupata wapi, Omer akajibu kwa Kifaransa kwamba ni wake, wa 1971. Mama akaanza kusema haraka, na Severin akafasiri. Sauti yake ilikuwa ya mwalimu, iliyofika hadi mlangoni.

"Anasema huu muhuri waligongewa walioshindwa. Uligongwa ili mtu asiirudishe karatasi ile ile shindanoni. Aliyeshinda hakurudishiwa kitu. Karatasi yake chuo kiliichukua."

Melania alimtazama mumewe.

"Walioshindwa?" Dorothea aliuliza.

"Walioshindwa."

"Hata huyu?"

"Hasa huyu," Severin alisema.

Hilo mama hakulisema. Omer, aliyekifahamu Kifaransa, alijua kwamba hakulisema. Mchoro ulishuka taratibu kutoka kifuani hadi tumboni. Kijana mmoja karibu na meza ya vinywaji alicheka kwa pua, mwingine akampiga kiwiko.

Mtunza nyaraka alikuwa bado anasema. Alikuwa ameshika mkono wa Omer kwa mikono yake miwili, na macho yake yalikuwa yamelowa. Severin alisikiliza, akafunga mdomo.

"Anasemaje?" Faustine aliuliza.

Severin alitazama daftari ndani ya kioo.

"Mzee, anasemaje?"

"Tafsiri, Severin," Omer alisema. Hakupandisha sauti. "Ulikuwa unaendelea vizuri. Tafsiri yote."

Basi akafasiri, neno baada ya neno, kwa sababu mtu pekee ambaye angeutambua uongo wake alikuwa amesimama mbele yake akisikia. "Anasema chuo kina karatasi elfu mbili na mia tatu za washindi. Zinafanana, kwa sababu kila mshindi alijifunza kwa mshindi. Iliyorudishwa hawana hata moja. Zilitoka na wenyewe, zikapotea. Yeye ametafuta miaka kumi na tisa. Hii ndiyo ya kwanza kuiona. Anaomba kuiazima. Anataka itundikwe hapa leo, katikati."

Dorothea alipiga vigelegele. Vilikuwa virefu, vya Uvira hasa, na wazungu wa pale ukumbini waligeuka wakapiga makofi bila kujua kwa nini.

Severin alikuwa na karatasi kama hizo ishirini na mbili. Miaka ya kwanza ya Uvira aliziwashia jiko, moja moja, na hakuna hata moja aliyoijutia.

Alimgusa mama begani, akamkumbusha barua yake. Mama alikumbuka, akaomba radhi, akafungua kioo, akavaa glavu. Januari 1971. Severin alimwita Léoncie, akamwita Ella, akawaweka kushoto na kulia kwake. Mama alisoma kwa sauti: nambari kumi na saba, Bigirindavyi, wa kwanza. Akampa mkono. Akampongeza, akamwambia kwamba kushinda kutoka nyuma ya jiko hakukutokea tena.

Léoncie aliweka kidole juu ya jina, bila kuligusa. "Kumbe," alisema.

"Mchoro wenyewe uko wapi?" Severin aliuliza kwa Kifaransa.

"Katika masanduku, ghala la chini. Niliutazama kabla ya kuja. Ni mzuri." Mama alitafuta neno la kuongeza. "Kama yote."

Kisha akaomba ruhusa, akarudi kwa Omer, maana fundi alikuwa ameleta ngazi na misumari.

Ella alikuwa bado anasoma ukurasa. Kidole chake kilishuka kwenye orodha hadi mstari wa thelathini na moja, wa mwisho, akaona jina la Omer.

"So ni kweli," alisema. "Ulikuwa wa kwanza."

"Nilisema siku zote."

"Na huo muhuri ulijua maana yake."

"Kila aliyesoma pale alijua."

"Uncle Omer hakujua."

"Omer hakuuliza."

"Alikuuliza, Dad. Nilikuwepo. Alikuuliza jikoni kwake, mara ngapi?" Macho yake yalimkazia usoni, na Severin alikuwa akitazama bega lake. "Ulijua tangu lini kwamba atadhalilika hapa?"

Angeweza kujibu kwamba ni tangu leo. Alitaka kujibu hivyo. Lakini daftari lilikuwa wazi mbele yao, na ilikuwa siku ya mambo kusomwa yalivyo.

"Tangu Februari."

Léoncie aliondoa kidole chake kwenye ukurasa. Nyuma yao Omer alikuwa amekuja kuuliza kitu kuhusu kamba ya fremu, akalisikia.

"Februari," Omer alisema. "Umekula kwangu tangu Februari."

"Nilialikwa."

"Ndiyo. Ulialikwa." Omer alimtazama kwa muda, kama anayejaribu kukumbuka sura ya mtu. Halafu akamgeukia Ella. "Njoo mwanangu unishikie ngazi. Huyu fundi anatetemeka."

Hotuba ilikuwa saa tisa. Omer alipanda jukwaani na karatasi zake nne, akazikunja mbele ya watu, akazitia mfukoni.

"Nilikuja kuwaeleza nilivyokuwa bora," alisema. "Nimepunguziwa kazi." Ukumbi ulicheka. "Sasa nitawaeleza mtu anaona nini akiwa nyuma ya jiko."

Aliwaeleza. Alisimulia joto lililoyeyusha gundi ya viatu, na jinsi alivyomjua mzee wa reli kwa kisigino tu, hata akakutana naye sokoni akampita bila salamu, mpaka yule mzee alipotangulia mbele yake akakiona kisigino. Alisema alirudi nyumbani na ile karatasi akaitia fremu, na kwamba kila alipokimbia aliacha vyungu akabeba mchoro, kwa sababu ulikuwa na muhuri, na mkimbizi haachi kitu chenye muhuri. Waafrika walicheka hadi wakafuta macho. Alisema chuo kilianza 1796. Severin, aliyeketi mstari wa tatu, aliinua mkono nusu, akaushusha. Alisema walimu walikuwa wawili, na walikuwa watatu. Alisema jiko lilikuwa la kuni, na lilikuwa la makaa ya mawe. Hakuna aliyehitaji jiko lile liwe la nini. Omer alipomaliza watu walisimama, na Léoncie alisimama pamoja nao.

Safari ya kurudi ilikuwa ya gari lile lile. Omer hakumkataza kupanda. Severin alikaa mahali alipokaa asubuhi, mikono mitupu magotini, na hakuna aliyesema naye; walipofika mji wa Corsicana, Melania aliuliza wote kama wanataka maji, akataja kila mtu kwa jina isipokuwa yeye.

Alikuwa amepata alichokitaka. Habari ilifika Arlington kabla ya gari, na hakuna aliyeitilia shaka. Dorothea mwenyewe aliisimulia kwa uaminifu: daftari, nambari kumi na saba, jina lake, mama wa kizungu kavaa glavu. Nyumbani Ella alimwamkia na kumuaga, si zaidi. Léoncie alimpikia. Siku moja alimwambia, akiwa amempa mgongo na sufuria mkononi, "Ningeliishi na wa thelathini na moja," na hawakulizungumza zaidi.

Jumapili iliyofuata palikuwa na chakula cha Umoja katika ukumbi wa parokia. Severin angeweza kubaki nyumbani, lakini kubaki kungekuwa kukiri. Alivaa koti, akajipanga mwisho wa foleni. Dorothea, mwenye upawa, alimwona kutoka mbele.

"Jamani, jamani, hamna adabu?" alipaza sauti. "Wa Kwanza kasimama nyuma! Mpisheni Wa Kwanza!"

Foleni iligeuka. Mtu akacheka, mwingine akarudia, "Wa Kwanza apite," na watu wakajitenga kulia na kushoto, wakiinama kidogo kwa heshima ya mzaha, hadi njia ikawa wazi kutoka mlangoni mpaka kwenye meza. Omer alikuwa ameketi dirishani. Hakucheka, wala hakumzuia mtu.

Severin aliipita njia ile yote. Alichukua sahani ya juu kabisa, akainyoosha. Dorothea alimpakulia wali, maharage, samaki, akapakua kwa ukarimu, akasema, "Karibu, Wa Kwanza." Wa pili katika foleni alichelewa makusudi kuja nyuma yake. Kwa muda alisimama peke yake mezani, na sahani yake imejaa.